Kura Iliyosimama Matopeni

Ndugu msomaji, suala la leo ni hili. Watu wawili wakiwania kitu kimoja kisichogawika, wakalingana kwa kila kipimo tulicho nacho, kisha kitu kile kikatolewa kwa kura, je, aliyekikosa amedhulumiwa? Na yule aliyekipata, aweza kusema kwa dhamiri safi kwamba amekistahiki?

Wengi hulijibu suala hili mbio mbio. Mmoja husema kura ni kura, aliyekosa na anyamaze. Mwengine husema kumpokonya mtu jasho lake kwa kurusha sarafu ni kumfanyia mzaha. Mimi naona wote wawili wamefanya haraka, na ningependa tulipime jambo hili kwa mfano wa mchezo wenyewe, kwa sababu katika mchezo mambo huwa wazi: dakika zahesabika, mabao yahesabika, na mashahidi ni maelfu. Mfano wangu ni Kombe la Ulaya la vilabu bingwa la msimu wa 1964-65, mashindano ambayo vijana wetu huyakeshea leo katika televisheni kwa jina la Ligi ya Mabingwa.

Wakati ule kanuni zilikuwa hivi. Timu mbili zilicheza mara mbili, kila moja nyumbani kwake, na mabao yakajumlishwa, aliyeshindwa akatoka. Jumla ikiwa sawa, ilichezwa mechi ya tatu katika mji usio wa yeyote kati yao. Na hiyo nayo ikiisha sare hata baada ya dakika za nyongeza, mwamuzi alirusha sarafu.

Katika robo fainali walikutana Liverpool ya Uingereza na Köln ya Ujerumani Magharibi. Mechi ya kwanza ilichezwa Köln tarehe 10 Februari 1965, ikaisha bila bao. Ya pili iliahirishwa kwa sababu ya theluji, ikachezwa Anfield tarehe 17 Machi, nayo ikaisha bila bao. Wiki moja baadaye, tarehe 24 Machi, wakakutana Rotterdam nchini Uholanzi. Liverpool wakatangulia kwa mabao mawili, la St John na la Hunt. Köln wakarudisha moja kwa Thielen, na baada ya mapumziko wakasawazisha kwa Löhr. Dakika za nyongeza hazikuongeza kitu. Jumla zilikwisha dakika 300, na hakuna aliyeweza kusema kwa insafu kuwa huyu ni bora kuliko yule.

Kuna jambo jengine la mechi ile ambalo sharti nilitaje, kwa kuwa ndilo linalofanya suala letu liwe zito. Beki wa Köln, kijana Wolfgang Weber, aliumizwa mapema mfupa wa mguu. Siku zile sheria haikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia badala ya majeruhi. Weber akatoka, kisha akarudi, akaendelea kucheza kwa mguu ule ule. Baadaye ikajulikana kuwa mfupa ulikuwa umevunjika.

Basi mwamuzi, Mbelgiji, akawaita manahodha katikati ya uwanja. Hakutumia sarafu ya fedha bali kisahani chenye upande mwekundu na upande mweupe. Akakirusha, kikaangukia tope, kikasimama kwa ukingo wake! Hakikulala huku wala kule. Ikabidi arushe mara ya pili, na mara hii kikalala upande wa Liverpool. Liverpool wakaenda nusu fainali, na Weber akaenda kutiwa plasta.

Sasa tuulize: Köln wamedhulumiwa?

Kabla ya kujibu yafaa tuondoe mchanganyo mmoja. Baadhi ya watu, wakisikia kura, hufikiri kamari, nao hukunja uso. Hivi ni vitu viwili. Katika kamari mtu huweka mali yake apate ya mwenziwe bila ya haki yoyote iliyotangulia, na ni bahati ndiyo inayomfanya kuwa na dai. Katika kura madai yapo kabla, nayo yamelingana, na lililobaki ni kumpata mmoja. Sote twajua kisa cha Nabii Yunus katika jahazi, na cha waliotupa kalamu zao wajue ni nani amlee Maryamu, na kwamba Mtume (S.A.W.) akitaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze. Hata majumbani kwetu warithi wakigawa vyumba vya nyumba ya marehemu vinavyolingana thamani, hupiga kura na hakuna anayeona aibu. Kura basi haina ubaya kwa dhati yake. Swali ni kama pale Rotterdam ilikuwa mahali pake.

Mwenye kuwatetea Köln atasema: Madai hayakulingana. Timu iliyocheza na mtu aliyevunjika mguu, ikatanguliwa kwa mabao mawili na ikayarudisha yote, imefanya kazi kubwa kuliko mwenziwe, na kazi kubwa ina haki kubwa. Hoja hii ina nguvu, na sipendi kuipita juu juu. Lakini tuifuate mpaka mwisho wake. Tukikubali kuwa taabu ndiyo kipimo, basi yatupasa tuipime taabu ya kila mtu: huyu aliyevunjika mguu, yule ambaye mechi yake iliahirishwa ikambana na mechi nyengine, na yule mwengine ambaye huenda ana mgonjwa nyumbani asiyetajwa gazetini. Ni nani atakayeishika mizani hiyo? Mchezo ulikuwa umewaahidi wote kipimo kimoja tu nacho ni mabao, na kwa kipimo hicho walilingana. Ushujaa wa Weber ulistahiki heshima, na heshima aliipata. Haukuwa bao.

Hata hivyo sisemi kuwa waliotunga kanuni hawana lawama. Sarafu ya Rotterdam haikuwa ya pekee msimu ule. Katika raundi ya awali tu zilikuwa zimesharushwa mbili. Anderlecht ya Ubelgiji iliifunga Bologna ya Italia 1-0, ikafungwa 2-1 ugenini, mechi ya tatu ikaisha bila bao, na sarafu ikawapa Anderlecht. Dukla ya Prague iliifunga Górnik Zabrze ya Poland 4-1, ikaenda Poland ikafungwa 3-0, mechi ya tatu ikawa sare, na sarafu ikawapa Dukla. Mara tatu katika msimu mmoja! Kura ni dawa ya dharura, na dharura inayotokea mara tatu kwa mwaka si dharura tena. Ni uzembe wa mwenye kupanga.

Na wapangaji wenyewe walikuja kuliona hilo. Kwanza wakaleta kanuni ya bao la ugenini kuwa na uzito zaidi pale jumla zinapolingana. Tujaribu kanuni hiyo juu ya msimu wetu tuone. Anderlecht wangepita vile vile, kwa kuwa walifunga bao Bologna. Lakini Dukla wangetoka, kwa kuwa Górnik ndio waliofunga ugenini. Na Köln na Liverpool wangebaki pale pale, maana sifuri ya ugenini haina uzito. Kwa hiyo kanuni mpya ingethibitisha sarafu moja, ingepindua ya pili, na ya tatu isingekuwa na neno nayo. Je, hiyo ndiyo haki yenyewe iliyokuwa imefichikana? Ingekuwa hivyo isingefutwa. Na UEFA iliifuta mwaka 2021.

Kisha katika msimu wa 1970-71 zikaingia penalti, na mwezi wa Novemba 1970 Everton wakawatoa Borussia Mönchengladbach kwa njia hiyo. Watu wakafurahi kuwa sasa mchezaji anaamua kwa mguu wake mwenyewe. Ni kweli, na mimi pia naona ni bora. Ila tusisahau gharama yake. Sarafu ilipomnyima mtu, ilimnyima bila ya kumtia doa. Penalti humchukua mmoja kati ya kumi na mmoja na kumbebesha huzuni ya mji mzima, na wapo waliokosa mkwaju mmoja wakakumbukwa kwa huo kuliko kwa kazi yao yote. Kila mwenye kuondoa bahati mlangoni na atazame imeingilia dirisha gani.

Ama bahati na dhulma, nani amezitofautisha vizuri kuliko Liverpool wale wale? Katika nusu fainali waliifunga Internazionale ya Milan 3-1 kwao Anfield, tarehe 4 Mei. Siku nane baadaye, huko Milan, wakafungwa 3-0 wakatolewa. Bao la kwanza, la Corso, lilipigwa moja kwa moja kutoka mpira wa adhabu ambao Liverpool waliamini kuwa haukufaa kupigwa golini moja kwa moja. La pili, Peiró aliuchokoa mpira kipa Lawrence alipokuwa akiudundisha ili aupige. Walimlalamikia mwamuzi, na malalamiko yale yameishi miaka mingi kupita wao. Tuhuma hazikuthibitishwa, na sisi hatumhukumu mtu kwa tuhuma.

Mtu aweza kuwacheka: mwezi wa Machi mlipita kwa kisahani na mkashukuru, mwezi wa Mei mwalia kwa firimbi? Mimi siwacheki. Kisahani hakimjui Mwingereza wala Mjerumani, hakina jicho wala rafiki, na wala hakikuahidi kuangalia. Mwamuzi ameahidi. Aliyepewa amana ya kuangalia akikosea, kwa kusudi au kwa udhaifu, yuko wa kuulizwa. Kisahani hakuna wa kukiuliza. Ndiyo maana Köln waliondoka Rotterdam na masikitiko, na Liverpool wakaondoka Milan na hasira. Nadhani moyo wa mwanadamu hapa umepambanua vizuri kuliko vitabu vingi.

Fainali ilichezwa tarehe 27 Mei, tena mjini Milan, katika uwanja wa Internazionale wenyewe, jambo ambalo Benfica ya Ureno hawakulipenda. Mvua ilikuwa imeulowesha uwanja. Jair akapiga shuti, mpira ukateleza chini ya mwili wa kipa wa Benfica, Costa Pereira, ukaingia. Kipa huyu alizaliwa Nacala, katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Eusébio na nahodha Coluna nao walikuwa wazaliwa wa Msumbiji. Kipindi cha pili akaumia akatoka, na beki Germano akavaa glavu. Internazionale hawakumfunga tena hata huyo asiye kipa, lakini bao moja likatosha. Utelezi wa mpira ule tuuite bahati au tuuite kosa? Wengi waliita kosa, kwa sababu palikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Lau mpira ungeligonga tope ukakengeuka hatua moja kabla ya kumfikia, wangeliita bahati, na tope ni lile lile.

Weber alipona. Tarehe 30 Julai 1966, katika fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Wembley, alisawazisha kwa Ujerumani Magharibi dakika ya mwisho, na England wakalazimika kucheza dakika za nyongeza. Humo Hurst akapiga mpira uliogonga mwamba ukadunda chini, penye mstari. Aliyeupiga kichwa ukatoka nje alikuwa Weber. Aliyekuwa karibu naye, akageuka na kuinua mikono kuwa ni bao, alikuwa Hunt wa Liverpool, yule aliyefunga Rotterdam. Mwamuzi akaenda kumuuliza mshika kibendera, na mshika kibendera akasema limeingia.