Siri na Fidia Yake

Katika mambo yanayomhuzunisha mpenzi wa vitabu, ni machache yanayolingana na kitabu cha mwisho kijacho kwa kuchelewa kikakiaibisha cha kwanza. Msomaji hukingojea miaka mingi, hukipokea kwa shangwe, na hukifunga kwa simanzi. Swali la maadili linalozaliwa hapo si dogo. Je, mtunzi amemdhulumu msomaji wake? Na kama amemdhulumu, amemnyang'anya nini, ilhali kitabu cha kwanza kingali rafuni, hakikupungua hata neno moja?

Mfano maarufu ni wa Arthur C. Clarke, bingwa wa riwaya za kisayansi. Mwaka 1968 alitoa 2001: A Space Odyssey, kisa cha bamba jeusi lililoachwa na viumbe wasioonekana, na cha wanadamu waliosafiri mbali angani kutafuta maana yake. Kitabu hakikusema yote juu ya viumbe hao, na katika kutosema kwake ndimo ulimokaa uzuri wake. Vikafuata vitabu vya 1982 na 1987. Hatimaye mwaka 1997, mtunzi alipokuwa akikaribia umri wa miaka 80, kikatoka 3001: The Final Odyssey. Humo Frank Poole, aliyeuawa katika kitabu cha kwanza, anarudishiwa uhai baada ya miaka elfu. Na lile bamba lililozishinda akili za watu linaangamizwa kwa virusi vya kompyuta. Wasomaji wengi walivunjika moyo. Lililokuwa fumbo liligeuka mtambo, na kila mtambo huharibika.

Mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba kosa ni kufunua siri. Hukumu hiyo yafaa ipelekwe kwanza Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, ambako bonde la Ruvuma huonekana limelala chini. Kwa desturi ngoma ya midimu ilichezwa na mtu aliyefunikwa mwili mzima, kinyago usoni; na wasiopita jandoni walipaswa kuamini kwamba yule si mtu, ni mzuka. Kijana aliyetahiriwa ndiye aliyefunuliwa kwamba ndani ya kinyago mna mtu. Ni siri gani iliyoanguka kutoka juu kuliko hiyo, kutoka kwa mzuka hadi kwa jirani? Walakini kijana hakutoka jandoni amepunjwa, kwa sababu alilipwa. Alipopoteza hofu yake alipata utu uzima. Jana alikuwa mtazamaji, leo ni mlinzi wa siri, na kesho huenda akawa mchezaji. Siri ilivuliwa nguo, naye akavishwa wajibu.

Mwingine atasema kwamba kosa ni kuchelewa na kubadili. Hapo Masasi ina la kujibu. Misheni ya UMCA ilianza huko mwaka 1876, na mwanzoni mwa karne ya 20 Kasisi Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakulifuta jando. Aliliendeleza katika sura ya Kikristo. Ulikuwa mwendelezo wa kuchelewa, ulioongozwa na mgeni, na mengi ya kale yaliachwa. Hata hivyo kusudi lilihifadhiwa: aliingia mtoto, akatoka mtu mzima. Huko Hispania nako, Cervantes alitoa sehemu ya pili ya Don Quixote mwaka 1615, miaka 10 baada ya ile ya kwanza, na wako wengi wanaoiona kuwa bora zaidi. Basi kuchelewa peke yake si dhambi.

Kosa, kwa hiyo, ni kuchukua pasipo kulipa. Kitabu kinachoondoa ajabu moyoni mwa msomaji kinadaiwa kuweka jambo mahali pake: maarifa mapya, au huzuni yenye maana, au wajibu. Kisipoweka kitu humwacha mtu na kinyago mkononi, hana tena hofu wala hana utu uzima.

Mtetezi wa mtunzi atajibu kwamba msomaji alinunua kitabu, hakumnunua mwandishi. Na mzee ana haki ya kurudi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Haki hiyo haina ubishi. Lakini jina lililo juu ya jalada ni amana, na wengi hununua kwa kuliamini kabla hawajasoma ukurasa mmoja. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Walevi husahau kwamba waliosifu kabla ya kuonja walikuwa wao.

Hapa ndipo lawama inapogawanyika. Msomaji asiyevumilia kutojua, anayedai kila fumbo lifumbuliwe na kila mfu arudi, ndiye anayemwita mtunzi avue kinyago kabla ya wakati, hadharani, mbele ya watu wasiotayarishwa. Huko Newala siri ilikuwa na siku yake, na aliyeipokea alikwisha andaliwa kuibeba. Mtunzi anayetaka kurudi katika kazi yake ya zamani hana budi kujiuliza kama anayo fidia ya kutoa. Na msomaji naye ajiulize kama anataka kukua, au anataka kuchungulia tu.