Chuma Kisicho na Maelezo

Je, kutojua kazi ya kitu kunatupa haki ya kukiondoa? Swali hili hujadiliwa sana darasani kwetu kwa maneno mazito. Mimi uzito wake niliuona kwenye boti.

Mwanafunzi mwenzangu hapa kusini mwa Uingereza alinunua boti ya tanga iliyokwisha kutumika, ya faibaglasi, iliyoundwa miaka ya 1970. Sitahani, kati ya mlingoti na omo, palikuwa na wenzo wa shaba uliofungwa kwa boliti nne. Haukushika kamba wala waya. Mwenye boti alitaka kuung'oa: unakwaza miguu, na boliti kuukuu hupenyeza maji yanayoozesha mbao nyepesi iliyo ndani ya sitaha. Hoja zake zilikuwa za kweli.

Kwanza tukachungulia chini ya sitaha. Tulikuta bamba nene na fimbo ya chuma iliyoshuka hadi kwenye mwili wa boti. Hakuna anayejisumbua hivyo kwa mzigo mdogo. Bila fimbo ile, sitaha ingevutwa juu. Kisha tukatazama mlingoti: kwenye theluthi mbili ya urefu wake palikuwa na kishikio kitupu. Kati ya vitu hivyo viwili palikosekana waya.

Wenzo wa namna hiyo huitwa wa Highfield, kwa jina la aliyeubuni. Ukilazwa, hukaza waya na kujifunga wenyewe. Ukiinuliwa, waya hulegea mara moja. Siku za kawaida waya huondolewa, kwa sababu huzuia tanga la mbele kupita boti inapogeuka. Upepo ukichafuka, hurudishwa ili kubeba tanga dogo la dhoruba. Agosti 1979 dhoruba iliyapiga mashindano ya Fastnet, kati ya Uingereza na Ireland, na washindani 15 wakafa. Anayekagua boti bandarini siku ya jua hajaona yote yatakayoikuta.

Mwenye boti aliubakiza wenzo, akazifungua boliti na kuziba matundu upya.

G. K. Chesterton, katika kitabu chake The Thing cha 1929, anasema asiyeona kazi ya ua uliokatiza njia asiruhusiwe kuuondoa mpaka aijue. Nakubaliana naye nusu. Anamtwika mzigo anayetaka kuondoa. Vipi anayetaka kubakiza? Maji yanaendelea kupenya wakati yeye anaheshimu mambo ya kale. Naye anafanya uamuzi, naye anadaiwa sababu.

Kwetu tulikatazwa kufagia usiku, eti tunafukuza riziki. Wapo wanaoeleza kwamba gizani ungeweza kuzoa sarafu au pete pamoja na taka. Kama ndivyo, mwenye taa ya umeme anaweza kufagia bila kumdharau aliyekataza. Bila maelezo hayo, mmoja hutii tu na mwingine hubeza tu, na wote wawili hawajamsikiliza aliyetangulia.

Aliyefunga wenzo ule alijua kila kitu kuuhusu. Mstari mmoja kwenye daftari la boti ungetosha. Siku hizi wadogo zangu wakiniuliza kwa nini jambo fulani hufanywa hivi, silijibu tena kwa "ndivyo ilivyo". Nikiijua sababu naitaja; nisipoijua, tunaitafuta pamoja, kabla hawajashika spana.