Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 9: Fimbo Mkononi mwa Aliyefunga

Ndugu zangu wa Bariadi na Simiyu yote.

Februari 2025, siku chache tu kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mkoa wetu ulipata msiba. Mwanafunzi wa kidato cha pili wa Shule ya Sekondari Mwasamba, kule Busega, alifariki dunia, ikidaiwa alichapwa na mwalimu. Ya hukumu tuwaachie wenye kazi yao. Leo tuseme na nafsi zetu, maana fimbo nyingine tunawapa walimu sisi wenyewe. Unampeleka mtoto shule au madrasa, unasema: "Mwalimu, huyu mchape tu, mimi kanishinda." Kisha huyoo, unaondoka zako. Ruhusa hiyo umeitoa wapi? Mtoto ni amana uliyopewa, mgongo wake si wako wa kugawa.

Sahaba Abu Mas'ud (r.a.) alikuwa akimpiga mtumwa wake kwa mjeledi. Akasikia sauti nyuma yake, kwa hasira hata hakuitambua. Iliposogea, kumbe ni Mtume (s.a.w.), anamkumbusha kuwa uwezo wa Mwenyezi Mungu juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake yeye juu ya yule kijana. Mjeledi ukamdondoka. Akamwacha huru, na Mtume akamjulisha kuwa asingefanya hivyo, Moto ungemgusa. Imepokewa na Imam Muslim. Sasa angalia: hatuambiwi kijana alikosa nini. Huenda alikosa kweli.

Najua kuna atakayenitajia hadithi ya mtoto wa miaka kumi na swala. Ipo. Lakini wanazuoni wameiwekea mipaka: usoni hapana, pigo la kujeruhi hapana, na kabla yake kuna miaka mitatu ya kumfundisha, tangu akiwa na saba. Sisi hiyo mitatu tunairuka.

Serikali nayo ina kanuni za mwaka 2002: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Ni mzazi gani kati yetu amewahi kukiulizia hicho kitabu? Nenda kaulize, kwa adabu, bila kugombana na mtu.

Maustadhi wetu, nanyi mnisikilize kidogo. Darasa la baada ya Alasiri mwezi huu ni zito. Koo limekauka, watoto wana njaa, mmoja anakosea aya ileile mara ya tano. Saumu inapimwa hapo hapo. Tumefundishwa mtu akichokozwa aseme amefunga. Basi sema, weka fimbo chini, waruhusu waende nyumbani mapema. Aya itasomwa kesho inshaallah.

Na wewe mzazi, mtoto akirudi anachechemea, au ghafla hataki shule, usianze na "ulifanya nini?" Mtazame mgongo. Ukiona jeraha, mpeleke hospitali, kisha nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya 116 nayo ni bure. Na wazee wakija jioni na ng'ombe au bahasha ili yaishe kimyakimya, wakaribishe futari, mle vizuri, na ng'ombe wao warudi nao, hata kama aliyechapa anaswali safu ya mbele pamoja nasi.

Wabillahi tawfiq.