Mhamaji na Fungu Lake

Neno letu mhamaji limenitaabisha tangu zamani, kwa kuwa lamtaja mtu kwa kuondoka kwake tu, kana kwamba hakupata hata siku moja kufika mahali, akatua mzigo na kuwasha moto. Waingereza, Wafaransa, Wajerumani na Wataliano wote hutumia neno la nasaba moja, nomade na ndugu zake, lililowafikia kwa njia ya Kilatini kutoka Kiyunani; Warusi wao walilitwaa lao katika lugha za Kituruki, na asili yake ni kuhama, kama kwetu. Lakini Wayunani walipomwita mchungaji wa nyikani nomas, walilitoa jina hilo katika kitenzi nemein, ambacho ni kugawa, kumpa kila mtu fungu lake, na pia kulisha mifugo. Na katika kitenzi hicho hicho likazaliwa nomos, yaani sheria. Basi mtu ambaye watawala wa zama nyingi wamemdhania hana makao wala kanuni, jina lake ni ndugu wa sheria, na lashuhudia kwamba alikuwa na fungu.

Huku Homa Bay, aliyetoka kwingine akapewa na wenyeji mahali pa kulima huitwa jadak, na dak katika Kijaluo ni kukaa. Mgeni ndiye aitwaye mkaaji! Hata hivyo neno hilo huuma, maana hutamkwa penye ugomvi wa mpaka ili kumkumbusha mtu, hata mjukuu wa aliyekuja, kwamba ardhi si yake. Na nani hakuja? Wajaluo walishuka kutoka pande za Sudani kwa vizazi vingi, na Wasuba wa Rusinga na Mfangano walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda.

Kule Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018, za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa yapata karne ya 16, na pengine hupita mita 4 kwenda juu. Mlango ni mfupi. Nilipoinama kuingia nilishika kijiwe kilichopachikwa kati ya mawe mawili makubwa, nacho hakikutikisika. Waliokipachika walihama, wakaja wengine wakatengeneza palipobomoka, nao wakahama.

Torati iliwakataza Waisraeli kuuza ardhi moja kwa moja, kwa hoja kwamba ni ya Mungu, nao ni wageni kwake. Nami naiamini hukumu hiyo, kwamba sote ni jodak, yaani jadak wengi, na asiwepo wa kumtolea mwenziwe neno hilo kwa kiburi. Lakini Ibrahimu mwenyewe, aliyekaa katika mahema, alipofiwa na Sara alikiri mbele ya wenyeji kuwa yeye ni mgeni, kisha akalinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, apate pa kumzika. Mjaluo asomaye habari hiyo hahitaji kufafanuliwa: mzee wa kwetu akiulizwa shamba hili ni la nani, kabla ya kutafuta karatasi, humwongoza muulizaji hadi kwenye kaburi la babaye.