Je, Mwenye Hatia ni Mmoja Tu?

Wako wadhanio kwamba hadithi za upelelezi ni za kupitishia wakati tu. Sisi twaona zimebeba swali zito: mtu akiuawa, je, hatia ni ya muuaji peke yake, au mji nao una sehemu yake?

Huko Uswidi, Maj Sjöwall na mwenziwe Per Wahlöö walitunga vitabu 10 tangu mwaka 1965 hata 1975. Askari wao, Martin Beck, humtafuta muuaji. Lakini katika kumtafuta, msomaji huonyeshwa pia wanyonge waliosahauliwa katika nchi isifiwayo kwa kutunza watu wake. Kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitupa Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, mwaka 1960. Naye hufumbua fumbo kwa akili, wala hatishwi na mzimu.

Basi na tuitazame njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hata Ujiji. Humo walipita watumwa na pembe za ndovu. Mpelelezi angemkamata nani? Mfanya biashara aliyenunua mateka? Mtemi aliyewauza? Au yule wa ng'ambo aliyepiga kinanda cha pembe, asiulize ilikotoka? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Tanganyika utumwa ukakomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Mlango ulifungwa, lakini hatia haikugawanywa.

Hata hivyo tujihadhari. Tukisema wote wana hatia, kila mmoja atajificha nyuma ya mwenziwe, na muuaji atatoka mahakamani akicheka. Torati ina njia iliyo bora: maiti ikionekana kondeni, wala muuaji hajulikani, wazee hupima mwendo hata mji ulio karibu, na wazee wa mji huo ndio wanaojibu. Hawaitwi wauaji, wanaulizwa tu, kwa kuwa walikuwa karibu.

Swali hilo latuhusu sana. Katika Unyamwezi na Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, pengine kwa sababu ya macho mekundu tu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Aliyeshika panga na ahukumiwe. Lakini ni nani aliyelitaja jina la bibi yule kilabuni? Nani aliyesikia akanyamaza? Nani aliyeacha kumwamkia? Tusingoje maiti ndipo tupime mwendo. Yatupasa kuupima sasa, toka mlangoni petu hata mlangoni pake, nasi twende tukamwamkie.