Sihri ya kitabuni na sihri ya mtaani

Nimemaliza kusoma vitabu vyote saba vya Harry Potter vya J. K. Rowling wa Uingereza, vilivyotoka kati ya mwaka 1997 na 2007. Vijana wetu wanavisoma, na wazazi wananiuliza: je, si haramu?

Sihri ni haramu, hilo halina mjadala. Mtume (s.a.w.) ameitaja katika mambo saba yenye kuangamiza. Lakini nilichokikuta humo ni hadithi ya kubuni, si mafunzo ya uchawi. Voldemort anaua watu ili aigawe roho yake vipande, asife. Kijana Harry anakubali kufa ili wenzake wasalimike. Kwa hiyo kinacholaaniwa humo ni kukimbia mauti kwa kudhulumu nafsi za wengine.

Hata hivyo, mtoto asiachwe asome peke yake. Aelezwe kwamba hakuna mwenye nguvu wala uwezo ila Allah.

Linalonitisha zaidi ni mzazi anayemnyang'anya mwanawe kitabu mchana, kisha usiku anabisha hodi kwa mganga kutafuta nyota ya biashara au kumkomoa jirani. Huyo mtoto atajifunza uchawi wapi, kitabuni au kwa baba yake?

Wallahu aalam.