Mzigo wa Mwenzio Siku ya Maonyesho

Kila mwaka maonyesho ya kilimo yanapokaribia katika uwanja wa Jamhuri, Nairobi, au Mkomani kule Mombasa, watoto huanza kuhesabu siku. Hawaendi kutazama ng'ombe wa maziwa. Wanataka bembea kubwa, vigari vya kugongana, soda na aiskrimu.

Sasa fikiria nyumba ambayo mama ana mimba ya miezi saba. Baba amekwisha waahidi watoto. Usiku anamwuliza mkewe, "Mama watoto, utaweza?" Naye anajibu upesi, "Niko sawa, twende tu." Lakini miguu yake imevimba tangu asubuhi, na yeye anajua. Je, jibu hilo ni upendo, au ni uongo mdogo?

Wengi tutasema ni upendo, kwa maana tumelelewa tukimsifu mama anayejinyima. Lakini tutazame yanayofuata. Mchana kutwa amesimama juani akishika viatu na mikoba ya wengine. Jioni ananyamaza mezani. Mume anauliza, "Nimekosa nini?" Anajibiwa, "Hakuna." Zawadi ambayo mwenzako hakuiona hawezi kuishukuru, wala hawezi kukusaidia kuibeba. Taratibu inageuka kuwa deni, na mdaiwa hajui kwamba anadaiwa.

Nawe mume, usifurahi mapema. Ulipowaahidi watoto bila kumwuliza mkeo, uliahidi kwa nguvu zisizo zako. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tumbo la mkeo unaliona, lakini uzito wake huujui mpaka akuambie. Na swali lako, "Utaweza?" lilikuja wakati watoto wamekwisha andaa nguo zao. Hapo angejibu nini?

Wapo waume wengine wanaokimbilia upande wa pili: "Wewe baki nyumbani upumzike." Huo unaonekana kuwa wema, lakini nao ni uamuzi aliofanyiwa mtu mzima bila kuulizwa. Mimba si ugonjwa. Injili ya Luka inatuambia kwamba Bikira Maria, baada ya kupashwa habari na malaika, alisafiri hadi nchi ya milima kwa Elisabeti, akakaa huko kama miezi mitatu. Mama mja mzito naye ana haki ya kucheka na watoto wake.

Jambo moja tu halina mjadala. Vyombo vinavyozunguka kwa kasi, vinavyoshuka ghafla au kugongana, asivipande. Mfuko wa uzazi hunyumbuka, lakini kondo la nyuma halinyumbuki vivyo hivyo. Mtikisiko mkali unaweza kulibandua, na mtoto akakosa hewa na chakula anachopata kupitia hapo. Hata Disneyland kule Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1955, huwaonya waja wazito wasipande vyombo vya namna hiyo. Hapa kwetu huenda usione bango lolote, basi msingoje bango.

Mengine yote yanaweza kupangwa na watu wawili wanaoambiana ukweli. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali. Bebeni maji ya kunywa. Mkifika, tafuteni kwanza kivuli, kiti na choo. Garini, ukanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, usipite katikati ya tumbo. Baba ndiye abebe mikoba na kupanga foleni na watoto. Mama akivuja damu au maji, akiumwa sana na kichwa au kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, safari imekwisha. Nendeni hospitali mara moja.

Na ikibidi kurudi nyumbani saa sita, watoto watalia. Waacheni walie kidogo. Siku hiyo watakuwa wamejifunza jambo ambalo bembea haifundishi: kwamba yule mdogo ambaye hawajamwona tayari ni mmoja wao, na kwamba furaha ya nyumba hainunuliwi kwa maumivu ya mtu mmoja aliyenyamaza.

Bwana, badala ya "Utaweza?" jaribu kuuliza, "Ungependa siku hiyo iwe namna gani?" na uulize kabla ya kuwaahidi watoto. Bibi, jibu ukweli, hata kama ukweli ni "Nataka kwenda, lakini kwa saa mbili tu." Mlipofunga ndoa mliahidi kuwa waaminifu katika taabu na raha. Lakini taabu iliyofichwa haiwezi kubebwa na wawili.

Leo jioni, watoto wakishalala, ulizaneni: ni mzigo gani ninaoubeba ambao wewe hujauona? Kisha msikilizane bila haraka.